Barabara iliyoandikwa kwenye mkataba wangu imeuzwa, na muhuri ni wa ofisi ileile ya kijiji

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwaka 2021 nilinunua pagale lililofika usawa wa lenta katika kijiji kimoja kilichoko mbele ya Bunju, upande wa Bagamoyo, ndani kidogo kutoka barabara ya lami. Jina la kijiji na majina ya wahusika sitayataja, kwa kuwa shauri liko njiani kwenda mahakamani. Nilikuwa nimepanga Sinza kwa miaka kumi na moja, redio ya mpangaji mwenzangu ikipenya ukutani na muziki wa baa ukiingia dirishani hadi alfajiri, na nilichokuwa nakitafuta ni utulivu na mahali pa kumweka mama yangu mzee. Huko niliupata. Kulikuwa na mikorosho, nyumba zilizoachana, na usiku husikii kitu isipokuwa upepo kwenye minazi. Nililipaua pagale lile kwa mkopo wa mshahara wa ualimu ambao nitaendelea kukatwa hadi mwaka 2028.

Mkataba uko mezani hapa ninapoandika. Ni karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono ndani ya ofisi ya serikali ya kijiji, na sehemu ya mipaka inasomeka kwamba kaskazini napakana na shamba la muuzaji, mashariki na jirani, magharibi na mkorosho wa mpaka, na kusini na barabara. Pembeni imechorwa mistari miwili na kuandikwa mita 6. Chini kuna saini ya muuzaji na wanawe wawili, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya mtendaji wa kijiji, kisha muhuri. Kwa kazi hiyo nilidaiwa asilimia 10 ya bei, yaani shilingi 2,300,000, na stakabadhi niliyopewa ni ya shilingi 500,000. Nilipouliza kuhusu salio nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa hapa. Nikalipa, kwa sababu niliamini kwamba ninalipia ulinzi wa karatasi ile.

Machi 2024 nilirudi kutoka kazini nikakuta mafundi wanachimba msingi katikati ya barabara yangu. Mwenye kiwanja ni kijana anayefanya kazi Muscat, ambaye alinunua kwa kutuma fedha kupitia kwa shemeji yake, na alipokuja likizo tulikutana tukiwa na adabu zetu, tukatandaza mikataba yetu juu ya boneti ya gari. Wa kwake unasema kwamba kaskazini anapakana na nyumba ya mwalimu. Mwalimu huyo ni mimi. Ofisi iliyoandika mwaka 2021 kwamba kusini kwangu ni barabara, ndiyo iliyoandika miaka miwili baadaye kwamba pahali pale pale ni kiwanja, tena ikinitaja mimi kama mpaka wake. Muhuri ni uleule, hata ufa uliokata herufi ya mwisho uko palepale kwenye karatasi zote mbili. Yule kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Simlaumu hata kidogo. Naye ametapeliwa kama mimi.

Leo nyumba yangu inafikiwa kwa kichochoro kilicho kati ya kuta mbili, ambacho bodaboda hupita kwa shida na gari halipiti kabisa. Boza la maji linasimama mbali, mpira wake haufiki kwenye simtanki langu, na vijana wananibebea kwa madumu huku wakinidai kwa kila dumu. Gari la kunyonya choo nalo haliwezi kuingia. Septemba iliyopita mama alishikwa na sukari saa nane za usiku, tukamtoa akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, mimi mbele na mtoto wa jirani nyuma, hadi kwenye bajaji iliyokuwa ikisubiri barabarani. Kwa kuogopa kuanguka alikuwa akishikilia ukuta wa tofali ambazo hazijapigwa plasta, na tulipofika zahanati nikaona kiganja chake kimechubuka chote.

Mtendaji wa kijiji ananijibu kwa sentensi moja ambayo nimeshaichoka: wao walikuwa mashahidi tu. Shahidi gani anatoza asilimia 10? Mwenyekiti aliyesaini aliondoka baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, na aliyepo anasema hayo hakuyakuta kwenye makabidhiano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini anayeisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Nimeomba mara nne nionyeshwe muhtasari wa mkutano uliokubali kwamba barabara ile igeuzwe kiwanja. Sijaonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Wapo walioniambia kwamba ningefanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki wa ardhi, kabla ya kununua. Upekuzi wapi? Ardhi ambayo haijapimwa wala kusajiliwa haina hati kwa msajili; kumbukumbu pekee niliyoweza kuipata ilikuwa pale pale, kwenye meza ya mtendaji na vichwani mwa wazee wa kitongoji. Ndiyo maana muhuri ule una uzito, na ndiyo maana kuuchezea ni kuwavua watu nyumba zao.

Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi, lilituita mara mbili, na mara zote mbili upande wa kijiji haukutokea. Kuishitaki serikali ya kijiji nako si jambo la kuamka asubuhi ukaenda, kwani baada ya marekebisho ya mwaka 2020 ni lazima utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ufungue shauri Mahakama Kuu. Yaani karatasi ya kurasa mbili iliyogongwa muhuri kwa dakika tano inanipeleka mwalimu wa shule ya msingi hadi Mahakama Kuu ili nipate njia ya kupitisha boza. Notisi nimekwisha kuipeleka.

Ninachodai ni barabara ya mita 6 kama ilivyoandikwa, na yule kijana arudishiwe fedha zake na waliozipokea, si na mimi. Kama yuko aliyewahi kuishitaki halmashauri ya kijiji kwa njia iliyouzwa, naomba aniambie kama mahakama ilikubali mchoro wa mkono uliogongwa muhuri kuwa ushahidi, au ilimtaka alete mpima ardhi, na mpima huyo alimgharimu kiasi gani.