Mrejesho: polisi kaachiwa, familia ikalipwaje?
Niliuliza juzi: polisi aliyempiga risasi na kumuua dereva Philando Castile baada ya kumsimamisha barabarani, Minnesota, Marekani, Julai 2016, aliachiwa huru, mbona familia ililipwa? Ahsanteni nyote. Jirani yangu wakili kanifafanulia pale Jaws Corner, baraza la kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, kahawa mkononi. Jinai inataka ushahidi usioacha shaka. Kwenye madai, mzani ukielemea upande mmoja yatosha. Tena madai yenyewe hayakufika hata mahakamani: siku 10 baada ya polisi kuachiwa, Juni 2017, yakatangazwa makubaliano ya karibu dola milioni 3. Mie nikidhani kalipa polisi. Kumbe bima ya mji uliomwajiri! Mzee mmoja akaibamiza dhumna mezani: “Sasa yeye kaumia wapi?” Wakili akainamia kikombe chake.