Ukimweka kwenye paipu anageuka bubu! Nimechoka naye!

Wakuu, mnamjua, simtaji. Yule mchujaji, programu inayobakiza mistari yenye neno unalotafuta tu. Kila mmoja wenu anaye kwenye mashine yake.

Seva inakata roho, simu zinanimiminikia kama nimefiwa. Nikapiga `tail -f` ya logi inionyeshe kila mstari mpya, paipu (bomba la kumpa programu inayofuata matokeo), yeye achuje neno "kosa", paipu, `cut` abakize saa tu. Kimya. Dakika AROBAINI nimekodolea skrini nyeusi mpaka nikaanza kujiona ndevu zinavyoota. Nikasema alhamdulillahi, makosa yamekwisha. Ctrl-C, nikalale.

Kumbe kosa lilikuwa linaingia kila dakika na yote kayameza! Mistari 40! Nilipobonyeza Ctrl-C kafa nayo tumboni!

Mwendeshe peke yake mbele ya terminali: anabwabwaja kama kasuku, mstari kwa mstari. Akinusa tu kwamba mbele kuna paipu, hasemi neno mpaka bafa, kapu lake la muda, ijae baiti 4096. Mnafiki! Dakika arobaini jamani. Kafa nayo tumboni!!

Mkia Mrefu: Mpe `--line-buffered` mkuu, atatema kila mstari papo hapo. Imo kwenye mwongozo.

Mleta uzi: Seva inaungua, wewe unanipa kitabu nisome?

Bafa Tupu: Hahaha eti alhamdulillahi, huyo akaenda kulala.

Sifuri: Afadhali wewe. Bekapu yangu kila usiku inatoka na 0, yaani hakuna kosa, salama salmini. Kumbe programu ya kutoa data inafia mlangoni, ila paipu inamsikiliza wa mwisho tu, na wa mwisho ni `gzip`, kabana hewa vizuri kabisa. Siku ya shida nafungua, faili lina baiti 20.

Mkia Mrefu: `set -o pipefail`. Yeyote akifeli, paipu nzima inahesabiwa imefeli.

Sifuri: Wewe kila msiba una dawa yake mfukoni?

Mvivu: Mshawahi kupiga `sort majina > majina`, kupanga faili na kulihifadhi humo humo? Faili jeupe pee.

Bafa Tupu: Usimsingizie `sort`. Sheli, inayopokea amri zako, ndiyo inalifuta kabla mwenzio hajaamka.

Mvivu: Ndiyo maana siku hizi naanza na `cat majina |`.

Bafa Tupu: Halafu unalirudishia humo humo? Linaweza kufutika vilevile! Na huyo `cat` wa kumwaga faili anafanya nini hapo, wakati `sort` analifungua mwenyewe?

Mleta uzi: Wakuu, tusitoke nje ya mada. Dakika arobaini...

Sifuri: Tulia, bafa haijajaa.

Mvivu: `cat` namweka kwa sababu nasoma kutoka kushoto. Faili kwanza, mengine baadaye. Anamkera nani?