UZI: Yule muuzaji wa skana kanitukania mama yangu, eti negativu za harusi yake "ZITUPE TU"

Mlinda Albamu (mleta uzi):

Wakuu, salamu baadaye, nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Msijifanye hamumjui, ni yule yule wa miwani juu ya kichwa, anakuita "bosi" mpaka ulipe, ukishalipa unakuwa "we unataka nini tena". Nusu ya watu humu wameshapita mikononi mwake na wote walitoka wanalia.

ZITUPE TU. Ndivyo alivyoniambia. Negativu za harusi ya mama yangu. Zitupe tu.

Ngoja nieleze. Nilikuwa natafuta skana ya nyumbani ya bei ya kawaida, sikutaka mtambo wa jumba la makumbusho. Nina mizigo ya aina tatu, albamu za picha za karatasi, slaidi za baba kwenye fremu zake za kadibodi, na bahasha nzima ya negativu za harusi, nyeusi na nyeupe, zile pana za filamu ya 120. Nikamtajia vyote vitatu, bahasha nikamfungulia akaiona, nikamuuliza taratibu kabisa, hii inaskani negativu? Akalipiga boksi kofi akasema "bosi hii haichagui, inameza kila kitu". Na boksi limeandikwa 9600 kwa tarakimu za kusomeka kutoka mwezini, kumbe ubavuni kuna maandishi ya sisimizi yanasema dpi halisi, yaani nukta inazosoma kweli kwa kila inchi, ni 1200, hiyo nyingine yote ni programu inabuni nukta za kujazia katikati ya zile ilizosoma kweli. Wanauza nukta hewa wakuu!

Nimefika nyumbani, picha za karatasi zimetoka vizuri, hapo sina ugomvi. Nikaweka negativu juu ya kioo, nikafunga kifuniko, mashine ikanguruma mpaka paka akahama nyumba, ikatoa mstatili mweusi. Nikaigeuza, mweusi. Nikapandisha dpi mpaka kompyuta ikaanza kuhema, nikapata mweusi MKUBWA zaidi. Slaidi ndiyo balaa, fremu ya kadibodi inaonekana mpaka nyuzi zake unahesabu, pale katikati alipo baba ni giza tupu.

Nikarudi kwake kwa adabu zote. Akachomoa ukanda mmoja kwenye bahasha kwa vidole vile vile alivyotoka kujifutia jasho, hakushika pembeni, kashika KATIKATI, kidole gumba juu ya uso wa mama, wala hakuuinua kwenye mwanga, akasema "hizi zimeshaoza, zitupe tu, siku hizi watu wana simu".

Kidole gumba. Juu ya uso wa mama. Zitupe tu.

Zimeoza?? Nikatoa hiyo hiyo simu anayosema watu wanayo, nikafungua ukurasa mweupe, nikaushikilia ukanda juu ya skrini nikamwambia tazama. Shela jeusi tii, nywele nyeupe pee, maua ya mkononi, na lesi ya kwenye kiwiko inaonekana tundu kwa tundu. Picha ipo! Imekaa miaka yote ile na ipo! Kinachokosekana ni taa kwenye kifuniko, basi. Karatasi unaimulika na mwanga unarudi kwenye mashine, negativu lazima mwanga upite ndani yake utokee upande wa pili, sasa kama taa iko chini peke yake mashine itasoma nini? Mtu anauza skana kila siku hajui hilo? Anajua. Anajua sana. Na hela hakurudisha, eti boksi limeshafunguliwa.

Yaani mtu hamjui mama yangu, hajawahi kumuona, anasema zitupe tu.

---

Siti ya Mbele:
Nimeshakaa. Endeleeni.

Nakazia Tu:
Ni YEYE, nakazia. Mimi nilimrudishia skana haisomi slaidi akaniambia "mashine bado mpya hiyo, ikishazoea itasoma". Nikaenda nyumbani nikasubiri izoee. Mwaka wa pili huu haijazoea.

Fundi Kioo:
Mkuu pole ila umepigwa mchana kweupe halafu povu unatumwagia sisi. Siku nyingine kabla hujatoa hela inua kifuniko. Ukikuta pedi nyeupe tupu hiyo ni ya karatasi, ukikuta kioo chembamba na taa ndani yake, na kwenye boksi kuna vishikio vya plastiki vya kuwekea filamu, hapo ndiyo tuongee. Epson V600 ina taa ya juu na inapokea 35mm, ile filamu nyembamba ya kawaida, na hiyo 120 yako. V39 ya kampuni hiyo hiyo haina, ni ya karatasi tu, na ukiziona kwa mbali unaweza kudhani ni ndugu. Plustek OpticFilm 8100 ni ya filamu lakini ni 35mm peke yake, 120 haiingii na albamu zako hazihusu. Wewe mwenye mizigo mitatu unahitaji ya kioo yenye taa juu, kwisha.

Mlinda Albamu:
Mkuu asante ila sikuja kuomba ushauri, nimekuja kusema nilichofanyiwa. Pedi nyeupe naijua sasa hivi kuliko shuka langu. Nazungumzia kidole gumba. Alama ya kidole imebaki pale, mafuta yale, kwenye emulsheni, lile tabaka lenye picha yenyewe, upande ule usio na mng'ao, upande ambao hata anayejua kazi anaogopa kuugusa!

Nimekuja Kucheka:
"Mweusi MKUBWA zaidi" hahahaha nimeanguka kwenye kiti. Mkuu uliifungua ukaikuza kutafuta bibi harusi?

Hesabu Kwanza:
Watu wanakimbilia dpi bila hesabu ndiyo maana yule bwana anakula. Fremu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36. Ukiskani kwa 2400 za kweli unapata pikseli kama 3400 kwa 2270, karibu megapikseli 8, inatosha picha nzuri ya kutundika ukutani. Hizo 120 za mama yake kama ni za mraba, upande una milimita 56 hivi, kwa 2400 hiyo hiyo unapata karibu megapikseli 28, kwa hiyo filamu pana haihitaji dpi za ajabu. Na picha ya karatasi 300 inatosha kabisa, ukitaka kuikuza weka 600, zaidi ya hapo unaskani vinyweleo vya karatasi.

Mbishi wa Zamu:
600 kwa karatasi ni ubahili. Mimi kila kitu 1200.

Hesabu Kwanza:
Na diski zimejaa ngapi mkuu? Karatasi haikubebi huko, unachoongeza ni ukubwa wa faili tu.

Mbishi wa Zamu:
Diski ni zangu.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Vijana, huyo mtoto ana haki ya kukasirika. Nimesafisha filamu kwa mikono yangu tangu enzi za beseni na taa nyekundu, negativu nyeusi na nyeupe iliyosafishwa ikasuuzwa vizuri ikahifadhiwa pakavu inamzika aliyeipiga na inawazika na wanawe. Kumwambia mtu aitupe ni dhambi. Jambo moja nikuongezee mwanangu, usije ukanunua kwa sababu ya ile teknolojia ya kufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Kwenye negativu za rangi inafanya kazi kwa sababu rangi zinapitisha ile miale na vumbi halipitishi, mashine inajua hapa pana uchafu. Ila nyeusi na nyeupe picha yenyewe ni madini ya fedha, na madini hayo yanaizuia miale, mashine itamuona mama yako mzima ni vumbi itaanza kumfuta. Zima hiyo kitu. Kodachrome, zile slaidi za rangi za Kodak, nayo huwa inaichanganya vivyo hivyo.

Mlinda Albamu:
Shikamoo mzee. Umeona basi, hata mashine itamfuta mama, yule wa miwani anataka nimtupe, huyu mama kawakosea nini watu? ZITUPE TU. Kila nikifumba macho nasikia ile sauti.

Vumbi Tupu:
Wewe una shida ya muuzaji mimi nina shida ya VUMBI na hakuna wa kumfungulia uzi. Nimefuta kioo, nimefuta filamu, nimepuliza kwa ile pampu ya mpira, nimevaa glavu za pamba, nimezima feni, nimefunga dirisha, nimekaribia kuacha kupumua. Naskani, unywele mmoja katikati ya anga. Nautoa, naskani tena, umekuja mwingine na mdogo wake. Halafu unakaa siku nzima kwenye kompyuta unafuta nukta moja moja kwenye picha ya watu wamesimama mbele ya gari.

Nakazia Tu:
Tena usilipulize kwa mdomo. Mate yakitua kwenye filamu hayo huyatoi.

Binti Slaidi:
Afadhali nyie mnaoskani kweli. Mimi niliuziwa vile viboksi vidogo unaingiza slaidi kwa pembeni unabonyeza sekunde mbili tayari, nikajiona mjanja. Ndani kumbe ni kakamera kadogo tu na taa, hakuna kuskani chochote, linapiga picha ya slaidi linakupa JPEG iliyobanwa, weupe wote umeungua. Shangazi yangu kwenye slaidi kavaa gauni la njano lina maua, kwenye faili kavaa taa ya barabarani. Na ukiangalia slaidi yenyewe kwa macho maua yote yapo!

Fundi Kioo:
Vile viboksi kwa mtu anayetaka tu kujua kwenye slaidi kuna nini, sawa, ni vya haraka. Vya kuhifadhi kumbukumbu, hapana. Hifadhi yako ya asili weka TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, JPEG tengeneza za kutumia watu.

Mbishi wa Zamu:
TIFF ni ushamba, JPEG ya ubora wa juu jicho la binadamu halitofautishi.

Fundi Kioo:
Mpaka uanze kurekebisha rangi. Negativu ya rangi ina ule wekundu wa chungwa chini yake, ukiugeuza na kuusawazisha kwenye JPEG anga inachanika mistari mistari. Jaribu ndiyo uje ubishe.

Mbishi wa Zamu:
Nimejaribu.

Fundi Kioo:
Weka tuone.

Siti ya Mbele:
Nasogeza kiti.

Kebo Moja:
Samahani naingilia ila yangu ni kubwa kuliko zote. Skana yangu ya filamu ni nzima, kioo kizima, taa nzima, haijawahi kunikosea adabu. Kompyuta ikajisasisha usiku nikiwa nimelala, asubuhi haiijui. Eti kifaa hakitambuliki. Waliotengeneza wanasema hawatoi tena draiva, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, za modeli hiyo, ninunue mpya. Chuma kizima kimekufa kwa sababu mtu kafuta faili!

Hesabu Kwanza:
Jaribu programu ya kuskani ya VueScan mkuu. Inakuja na draiva zake yenyewe za skana nyingi sana za zamani, unaijaribu kwanza kabla ya kulipa. Wengi humu imewafufulia mashine.

Kebo Moja:
Mungu akubariki, nadaunilodi sasa hivi.

Mlinda Albamu:
Wakuu naona mada inahama. Mimi nilikuwa nasema yule bwana KASHIKA KATIKATI.

Nimekuja Kucheka:
Tumesikia mkuu, kidole gumba, tutakijengea mnara. Binti Slaidi lete picha ya shangazi na ile taa ya barabarani.

Binti Slaidi:
Siweki, ataniua.

Vumbi Tupu:
Mnaongelea wauzaji, mnawasahau ndugu. Kwetu kuna mmoja alijitolea "kuweka kidijitali" albamu ya ukoo. Kapiga picha na simu, flashi imewaka, kwenye kila picha babu ana jua kifuani. Halafu kazituma kwenye kundi la familia zikabanwa, zimefika kila mtu uso ni vigae, na za asili akazifuta kwenye simu kupata nafasi. Na anajisifu mpaka leo.

Nakazia Tu:
Kila ukoo una huyo mtu. Wetu faili zote kaziita "picha mpya".

Mzee wa Chumba cha Giza:
Yeye angalau hakuziharibu za asili. Mimi niliwahi kuletewa negativu zimekatwa na mkasi katikati ya fremu ili ziingie kwenye bahasha. Bwana harusi kipande hiki, bibi harusi kipande kile. Nililia mimi, si wao.

Binti Slaidi:
MKASI???

Fundi Kioo:
Mzee umenimaliza. Hao hata yule wa miwani ana afadhali.

Mlinda Albamu:
HANA AFADHALI.

Picha Iliyoganda:
Habari wakuu, nimeona kuna wataalamu nikaona nisifungue uzi mwingine. Nina picha ya fremu ya ukutani imegandana na kioo, unyevu umeingia, nikijaribu kuivuta kona inaacha rangi kwenye kioo. Niloweke kwenye maji?

Mbishi wa Zamu:
Loweka, mimi nililoweka ikatoka.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Acha, usiguse, usiloweke! Toa fremu tu, iache na kioo chake, weka juu ya skana upande wa kioo chini, skani hivyo hivyo kupitia kioo kwanza. Ukishakuwa na nakala salama ndiyo ufikirie mengine. Na skana iwe ya aina ya CCD, ile inayoona hata kitu kilichoinuka kidogo, zile nyembamba za CIS zinaona vizuri kitu kilicholala juu ya kioo chake tu, ukikiinua kidogo kinafifia.

Picha Iliyoganda:
Na nyingine zimenasa kwenye zile albamu za kurasa za gundi, naweza kutumia kisu?

Vumbi Tupu:
Kisu hapana. Uzi wa kusafishia meno, unaupitisha chini ya picha taratibu unasogeza kama unakata sabuni. Ikikataa iache, skani ukurasa mzima.

Mbishi wa Zamu:
Kisu kinafaa kama una mkono mwepesi.

Mzee wa Chumba cha Giza:
Wewe ndiye uliyezikata negativu kwa mkasi, sasa nimekujua.