Wewe ndiye mtu wa mabango wa grupu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Umoja
Wadau, habari zenu. Kila grupu la WhatsApp hapa Nairobi lina mtu wake wa mabango. Mtu akifariki, saa tano usiku anatumiwa picha ya marehemu iliyokatwa kwenye picha ya harusi, bega la mtu mwingine bado linaonekana, na ujumbe chini: "Tutolee kitu kizuri, familia inangoja." Mpira wa mtaa, kesha la kanisa, mchango wa hospitali, kura za chama, yote yanaishia kwake. Malipo ni "Mungu akubariki" na vile viganja viwili.

Huku kwetu ni mimi, na sijaja kulia. Nataka kujua wenzangu mnaishi vipi na kazi hii. Mimi la msiba silipishi hata shilingi. La biashara nalipisha, hata kama biashara ni ya binamu.

Dada wa Kayole
Mimi nilijifunzia kwa simu, kioo kimepasuka, programu za kutengeneza picha za Canva na PixelLab basi. Laptopu ilikuja baadaye sana. Tena niseme ukweli, wateja wangu wa kwanza walitoka kwenye matanga. Nilitengeneza bango la mzee wa ploti yetu, nikamtoa kwenye picha ya kitambulisho nikamvalisha mandhari ya shamba lake la Murang'a. Siku ya mazishi watu wakaanza kuuliza ni nani huyo. Kwa hiyo ya bure si hasara tupu.

Wanaonimaliza ni wa "badilisha rangi kidogo tu". Siku hizi marekebisho mawili ni bure, la tatu unatuma mia kwanza. Wengi hugundua ghafla kwamba rangi ya awali ilikuwa nzuri.

Wa printi, River Road
Nyinyi mnamaliza kazi kwa simu, sisi ndio tunatukanwa. Acheni niseme yangu.

Ukituma dizaini WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa. Kwenye simu huoni kitu, lakini nikiivuta iwe banna ya mita tatu, uso wa mchungaji unakuwa viraka viraka. Tuma kama dokumenti, hapo faili linafika lilivyo. Pili, ile zambarau inayong'aa mnayoipenda haitatoka hivyo. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine yangu inatumia wino wa rangi nne, na kuna rangi ambazo wino hauwezi kuzifikia. Mteja anasimama hapa na simu mkononi analinganisha, ananiambia nimemwekea wino wa bei rahisi. Tatu, maandishi msiyasukume hadi ukingoni. Banna inakunjwa pembeni na kutobolewa matundu ya kamba, na hapo ndipo mtu wa mabango hupenda kuweka namba ya simu!

Mweka hazina asiye na mshahara, Pipeline
Kuhusu hiyo namba. M-Pesa inamwonyesha mtu jina la anayetumiwa, lakini itasaidia nini kama bango limeandika "Mama Shiro" na simu inasema jina lingine kabisa? Mchangaji anaogopa anarudisha simu mfukoni. Andikeni jina vile linavyotokea M-Pesa. Na pesa ikienda kusikofaa, sambazeni ule ujumbe wa muamala kwenda 456 ya Safaricom haraka ili irudishwe, kabla aliyeipokea hajaitumia.

Halafu ile orodha ya mchango. Mnaijua: jina, pesa, alama ya tiki, kila mtu anakopi, anaongeza lake, anabandika. Watu wawili wakikopi kwa pamoja, wote wanakuwa namba 23, na anayebandika mwisho anamfuta mwenzake. Mzee mmoja wa elfu mbili alipotea kwenye orodha hivyo na akatoka kwenye grupu bila kwaheri. Kwetu sasa orodha ninaigusa mimi peke yangu, asubuhi na jioni.

Baba wa wawili, Githurai
Mimi nimekataa jambo moja: bango la mchango wa hospitali lenye mtoto amelazwa na mipira puani. Najua picha hiyo ndiyo inayoleta pesa. Lakini mtoto atakua, na bango litakuwa bado linazunguka. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za mtoto zinataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Sisemi grupu la mtaa litapigwa faini, nasema jambo lenyewe si la mchezo. Naweka picha ya mtoto akiwa mzima, anacheka, na bili ya hospitali naifunika namba ya mgonjwa na ya kitambulisho.

Dada wa Kayole
Na mzazi mwenyewe akisisitiza ile ya kitandani?

Baba wa wawili, Githurai
Namwomba ampe mtu mwingine. Mmoja alikasirika, mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Mkono wa brashi, Jericho
Mimi niliandika vibao vya maduka kwa rangi na brashi kabla ya haya yote. Kinyozi, hoteli, posho mill. Nilidhani banna zimenizika, kumbe vijana wa mikahawa wamerudi wanataka ukuta uchorwe kwa mkono ili wateja wapigie picha. Bei yangu imepanda.

Kijana wa Roysambu
Mnahangaika bure, siku hizi akili mnemba inatoa bango kwa sekunde.

Wa printi, River Road
Juzi ililetwa moja hapa ya kwaya. Waimbaji kumi na wawili, hakuna hata mmoja anayejulikana pale kanisani. Mwalimu wa kwaya aliiangalia akauliza hawa ni akina nani.

Mwanzisha mada, Umoja
Hiyo imenimaliza. Wa Jericho, ukuta wa futi kumi kwa nane unaenda ngapi? Nina mteja wa chapati Donholm, na huyu analipa.