Aliyerudia unga mara ya tatu: familia imfungie mlango?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limeigawa familia yetu, na najua hatuko peke yetu. Mdogo wangu alitoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, akakaa miezi hajagusa unga, yaani heroini, mwili ukarudi, akapata kibarua cha kuchomelea mageti. Mzee wetu akafariki. Siku ya tatu ya msiba, maturubai hayajashushwa, dogo akaonekana maskani na kete mkononi. Baba mdogo akasema mbele ya wazee: hii ni mara ya tatu, asipelekwe tena popote, hana nia.

Mimi napinga, na si kwa huruma tu. Mwaka 1995, watafiti Yavin Shaham na Jane Stewart walichapisha majaribio ya panya waliozoeshwa kubonyeza wenzo ili wapate heroini. Heroini ikakatwa mpaka wakaacha kubonyeza. Kisha wakapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Wakaurudia ule wenzo kwa fujo, na heroini yenyewe haipo. Panya hana marafiki wabaya, wala huwezi kusema kakosa malezi.

Msongo ukimkuta mtu, ubongo humwaga kemikali iitwayo CRF, na nyingine iitwayo dainofini, ambayo huibana dopamini, kemikali ya hamu na raha. Hapo hakuna kinachonoga, si chakula, si mpira, si watoto. Mimi na wewe tutavumilia, itapita. Aliyekula unga miaka, ubongo wake umeshajifunza dawa ya hali hiyo ni ipi, na akipita mtaa ule au akisikia harufu ya foili inayoungua, dopamini inaruka kabla hajawaza lolote. Halafu sisi tunataka kumtibu kwa kumwongezea msongo! Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, mnatafutia mateja visingizio. Soma habari za wanajeshi wa Marekani kule Vietnam. Mwaka 1971 karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa teja wa heroini. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliporudi kwao: katika mwaka wa kwanza ni kama 5 tu kati ya kila 100 ya hao mateja waliorudi kwenye uteja. Hiyo dopamini yao iliishia uwanja wa ndege?

Mleta mada: Ahsante, umenisaidia. Wale waliiacha vita, wakaiacha na maskani, bahari nzima katikati. Dogo tunamtoa soba Jumamosi, Jumapili yuko kijiwe kilekile, jirani anamwita teja mbele ya watoto, na polisi wakipita yeye ndiye wa kwanza kubebwa. Mpeleke Vietnam kila wiki, halafu umuulize kwa nini anarudia.

Mchangiaji wa 2: Mimi ni mama. Mwanangu ameuza simu yangu, mtungi wa gesi, mpaka kitenge cha msiba. Mnazungumza msongo wake, wangu nani anaupima? Nikisikia geti linagongwa usiku moyo unapasuka.

Mleta mada: Mama, pole sana, hapo sina ubishi. Fungia kabati, ficha simu, usimpe hela mkononi. Ugonjwa haumfanyi mwizi asiwe mwizi. Ninachokataa ni kumnyima tiba kama adhabu ya wizi.

Mchangiaji wa 3: Nafanya kazi kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtu badala ya heroini, niongeze moja ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu aliyekaa miezi bila unga, mwili umeshausahau. Akirudi na kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata palepale. Kwa hiyo siku unayomfukuza baada ya kurudia ndiyo siku yake ya hatari kubwa. Methadoni anakunywa kila siku mbele ya muuguzi, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hapandi na kushuka, arosto, yale mateso ya kukosa unga, haimkuti. Haifuti msongo, nisiwadanganye. Wapo wanaokunywa na bado wakifiwa wanachovya. Hao tunakaa nao tunazungumza, kipimo kinaangaliwa upya, na kesho yake wanakunywa kama kawaida.

Mchangiaji wa 1: Yaani mnabadilisha teja wa unga kuwa teja wa serikali. Mpaka lini?

Mchangiaji wa 3: Wengine miaka. Mwenye sukari akichoma insulini miaka 20 hatumuulizi mpaka lini. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na wapo waliokaa sawa wakarudi kazini. Anayetaka kupunguza anapunguziwa polepole, lakini si wiki aliyofiwa.

Mchangiaji wa 1: Na akirudia mara ya nne, nani atalipa? Soba mmeshamaliza akiba ya familia.

Mleta mada: Soba ndiyo tulilipa, methadoni ni bure. Kinachotakiwa ni nauli ya kila siku na mtu wa kumsindikiza wiki za mwanzo, maana kituo cha daladala kiko pembeni ya maskani. Nauli natoa mimi. Baba mdogo namwomba kitu kimoja tu: asimtaje kwenye kikao cha arobaini.