Mifumo inasomana kwenye hotuba tu, huku kwetu bado tunagongesha mihuri ya wakili

Wakuu, heshima kwenu. Kila siku tunaambiwa mifumo ya serikali inasomana, yaani ofisi moja inaona taarifa za nyingine. Sikilizeni yangu.

Nimetoka sasa hivi kugongesha mihuri vyeti vya mdogo wangu na nina hasira, mtanivumilia. Vyeti vinne, elfu tatu kila kimoja, na hapo tumebembeleza. Wakili hakukisoma hata kimoja. Aligonga, akasaini, huku anaongea na simu. Huo ndio uthibitisho ambao serikali yetu inauamini kuliko kumbukumbu zake yenyewe.

Chukua tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira. Maombi yote yatumwe kwa mtandao kupitia Ajira Portal. Safi kabisa. Shuka chini kidogo: ambatisha cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulifika, cha chuo, na viwe vimethibitishwa na wakili. Barua isainiwe. Hati ya matokeo haitakubaliwa. Sasa jiulize, cha kidato cha nne kimetolewa na nani? NECTA, Baraza la Mitihani. Cha kuzaliwa? RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Vya vyuo viko chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya kati na ufundi, na TCU, tume ya vyuo vikuu. Ukiomba udereva, leseni yako imetoka TRA, mamlaka ya mapato. Hizo zote ni ofisi za serikali moja! Yaani serikali inamtaka mtu asiye na kazi amlipe mtu wa pembeni ili aje aiambie kwamba karatasi iliyoitoa yenyewe ni ya kwake kweli.

Na msije hapa na hoja ya hela. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilitukopesha dola milioni 120 kwa ajili ya elimu na ujuzi wa kazi. Mwaka 2021 ukaja mradi wa Tanzania ya Kidijitali, dola milioni 150 nyingine. Ni mikopo, tutalipa. Halafu kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwajiri mwenye watu kuanzia kumi. Zamani ilikuwa asilimia 6. Theluthi moja inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, mbili zinabaki Hazina. Jina lake ni la ujuzi, lakini muulize fundi yeyote wa mtaani imemfikiaje.

Hoja ya utaalamu nayo iacheni. Leo ukienda kusajili laini, kijana aliyekaa chini ya mwavuli pale stendi anakuwekea kidole kwenye kimashine, na NIDA, watu wa vitambulisho vya taifa, wanajibu palepale kwamba ni wewe. Mtoto akimaliza shule akataka mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, anaingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na jina linakuja lenyewe. Chuo anachoomba kinayaona matokeo yake NECTA bila yeye kubeba kitu. Miaka minne mitano baadaye, kijana yuleyule, namba ileile, anaambiwa alete karatasi yenye muhuri. Kilichoharibika hapo katikati ni nini?

Nawakumbusha na ya 2017. Serikali ilipoamua kuwasaka wenye vyeti feki, NECTA walikaa na vyeti vya watumishi wa nchi nzima, na tarehe 28 Aprili Magufuli akakabidhiwa pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, orodha ya watu 9,932. Sasa nikijua kwamba ikitaka kufukuza inaweza kwenda kwenye chanzo, kwa nini ikitaka kuajiri haiwezi? Kwenye kukata pia inaweza: ukipata ajira tu, HESLB wanakufikia kwenye mshahara, asilimia 15.

Turudi kwenye milango ya kuombea kazi. Ukitafuta kazi nchi hii huna akaunti moja. Sekretarieti wana ya kwao. Polisi ya kwao. Magereza ya kwao. TaESA, ambao kazi yao hasa ni kuunganisha watu na ajira, nao ya kwao. TAMISEMI kwa miaka walikuwa na ya kwao ya walimu na watu wa afya. Kila mlango unafungua akaunti upya, unaandika shule uliyosoma upya, unapandisha PDF zilezile upya. TRA mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita 135,000, kwenye mfumo mwingine tena. Hebu fanyeni hesabu ya kijinga tu: kama kila mmoja wa hao aligongesha vyeti vitatu kwa elfu mbili mbili, ni zaidi ya milioni 800 zimetoka mifukoni mwa watu wasio na kazi. Kwa tangazo moja. Hapo sijaweka bando, sijaweka steshenari.

Na steshenari ndiyo kichekesho chenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kila ukisema mifumo isomane kuna mtaalamu atakuambia tuwe waangalifu na faragha za wananchi. Bosi, faragha gani? Nenda steshenari yoyote karibu na chuo, angalia kioo cha kompyuta yao. Mafolda ya majina ya watu, ndani yake vyeti, namba za NIDA, picha za pasipoti, mpaka nywila za akaunti zimeandikwa kwenye daftari kwa sababu kijana wa pale ndiye aliyekufungulia. Taarifa zimeshasambaa kitambo, tena kwa mtu asiyewajibika kwa yeyote.

Kwenye majina ndiyo usiseme. Dada yetu mmoja cheti cha darasani kina herufi moja tofauti na NIDA, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu alisikia hivyo. Kafaulu mchujo wa kuandika, kasafiri kwa nauli yake, kalala kwa hela yake (maana tangazo linasema wazi kila msailiwa atajigharamia), kufika mlangoni akarudishwa: hati ya kiapo ya majina (deed poll) iko wapi, imesajiliwa Wizara ya Ardhi? Kama kumbukumbu zingekuwa zimeunganishwa, herufi hiyo ingeonekana siku anajisajili, akapewa muda wa kuirekebisha akiwa nyumbani.

Ila kinachoniuma zaidi ni wa ujuzi, maana wa digrii angalau tunapiga kelele mtandaoni. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Amejifunzia gereji, kwa mkono, miaka. Ulipokuja mpango wa urasimishaji ujuzi akajitokeza, akapimwa, akapewa cheti. Tulifurahi. Mpango wenyewe ni mzuri na waliouanzisha nawapa heshima yao. Akapeleka kile cheti kwa kampuni moja ya ujenzi. Wakamwambia hawakitambui, alete barua ya kuthibitisha. Kwenye chuo kilichompima nako akaambiwa mhusika yuko semina. Alipopata barua, nafasi ilishajazwa na mtu ambaye, nina uhakika, hajawahi kushika koleo. Mwajiri hana kosa kubwa sana kwangu. Hana mahali pa kuingiza namba akaona kwamba huyu amepimwa nini, lini, na nani.

Na mifumo yenyewe ya maombi imejengwa na watu waliosoma kwa ajili ya watu waliosoma. Mmoja nilioujaza naye una uwanja mrefu wa shahada, stashahada, mafunzo, makongamano uliyohudhuria. Kwenye ujuzi kuna kisanduku kidogo, unajiandikia unachotaka. Nami ningeweza kuandika "rubani" na kingekubali.

Najua kisheria mambo yako sawa. Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, e-GA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, wanao mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya ofisi, GovESB. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameshaandika mara kadhaa kwamba mifumo ya taasisi haiongei. Kwa hiyo bomba lipo, hela zipo, maelekezo yapo. Ninavyoona mimi, tatizo ni ada. RITA kuhakiki cheti cha kuzaliwa kwa muombaji wa mkopo ni elfu tatu. Kila ofisi ina ka-ada kake ka uhakiki, na uhakiki umekuwa chanzo cha mapato. Nani atakubali kuruhusu taarifa zipite bure kwenye waya wakati kila msimu maelfu ya vijana wanapanga foleni kulipia kitu kilekile? Kama nakosea, mtu wa ndani anisahihishe kwa vielelezo.

Wale mtakaokuja na "mjiajiri, acheni kulialia": mdogo wangu amejiajiri, ndugu yangu. Anachomelea mageti. Zabuni ya madirisha ya shule ya kata ndiyo iliyomtaka alete vyeti vyenye muhuri.

Sasa naomba walioko e-GA, Utumishi na Ofisi ya Waziri Mkuu Kazi, najua mnasoma humu kwa majina bandia, mtujibu moja tu. Mpaka leo, kati ya NECTA, RITA, NACTVET, TCU na VETA, ni nani taarifa zake zinafika kwa anayechambua maombi ya kazi bila muombaji kubeba karatasi, na ni nani amekataa? Msitupe tarehe ya uzinduzi. Tupeni majina ya ofisi.