Mercedes 240D (W123) inagonga sana baada ya kuwekwa cheni mpya: ni pampu ya dizeli au nozeli (kinyunyizi cha dizeli kwenye silinda)?

kijiti_cha_gia: Wakuu, naomba msaada. Gari ni 240D, injini OM616 ya silinda nne. Cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti na pampu kwa wakati wake) ilikuwa imelegea, imewekwa mpya. Alama ya kamshafti inalingana vizuri na sifuri ya pulii ya krenki. Tangu hapo injini inagonga kwa mlio mkavu, hasa ikiwa baridi na kwenye silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta). Inawaka haraka na moshi mweupe hakuna. Fundi anataka kulegeza pampu na kuisogeza huku injini inawaka, akisikiliza mlio mpaka utulie. Nimruhusu?

Dizeli_Mkongwe: Usimruhusu, mkuu. Kwanza hakikisha kama ni nozeli. Injini ikiwa kwenye silensa, legeza kwa spana namba 17 nati ya bomba la presha juu ya nozeli, moja baada ya nyingine, kisha ikaze. Vaa miwani, funika nati kwa kitambaa, na mkono usiukaribishe: dizeli yenye presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Mlio ukipotea kwenye silinda moja tu, tatizo ni nozeli hiyo. Ipimwe kwenye mashine: mpya hufunguka kwenye bar 115 hadi 125, ikishuka chini ya 100 haifai. Ukirudisha nozeli weka washa mpya chini yake. Silinda zote zikigonga sawasawa, hapo ni taimingi.

kijiti_cha_gia: Nimejaribu. Mlio ni uleule kwa silinda zote.

pampu_na_nozeli: Basi sababu ni hiyo cheni mpya yenyewe. Cheni ikichakaa hurefuka, na kamshafti na pampu vyote huchelewa. Mafundi wengi hufidia kwa kuisogeza pampu upande wa injini ili dizeli iingie mapema. Ukiweka cheni mpya bila kurudisha pampu, ile fidia inabaki, na dizeli inaingia mapema mno. Inarundikana kabla haijashika moto, kisha inalipuka kwa mkupuo. Ndiyo mlio unaousikia. Ingekuwa imechelewa ungeona moshi mweupe unaochoma macho, gari zito, na kuwaka kwa shida asubuhi.

Sikio halipimi nyuzi (digrii za mzunguko wa krenki). Injini ikitulia kwa sikio, mara nyingi imecheleweshwa kupita kiasi. Pima kwa matone:

Safisha pampu yote kwanza. Punje moja ya mchanga inaua planja (pistoni ndogo ya ndani ya pampu). Toa bomba la silinda namba 1, fungua kishikilia valvu cha pampu, toa valvu na springi yake, rudisha kishikilia kitupu, kisha funga juu yake kipande cha bomba kilichopinda. Funga mkono wa mafuta kwenye fulu. Mtu mmoja apige pampu ya mkono bila kuacha, dizeli itatiririka. Wewe zungusha krenki kwa soketi 27, kufuata saa tu, silinda namba 1 ikiwa inabana (valvu zake zote mbili zimefungwa). Mtiririko utapungua mpaka tone moja kwa sekunde. Simama hapo usome pulii: inatakiwa nyuzi 24 kabla ya pistoni kufika juu. Ukipitiliza usirudishe nyuma, kwa sababu ulegevu wa cheni utakudanganya. Zungusha tena raundi mbili kamili.

kijiti_cha_gia: Pulii inasoma 29.

pampu_na_nozeli: Ndiyo hiyo, iko mapema kwa nyuzi 5. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati za bomba zote ili zisipinde, kisha nati tatu za flanji (uso wa mbele unaoshika pampu kwenye injini) na bolti ya mkono wa nyuma wa pampu. Ukiisogeza mbali na injini unachelewesha, ukiisogeza karibu unawahisha. Sogeza kidogo sana, kaza, pima upya. Ukifika 24 rudisha valvu na springi, weka shaba mpya, kaza kishikilia kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu. Ukikaza kwa nguvu za mkono, silinda ndogo ya planja hupinda na planja hukwama.

Dizeli_Mkongwe: Naongeza: matundu ya flanji yakifika mwisho kabla ya 24, usiyachonge kwa faili. Pampu imeingizwa ikiwa imeruka jino; itoe uipange upya. Cheki pia nafasi za valvu injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.10 mm, ya kutolea moshi 0.30 mm. Mwisho toa upepo: piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, acha nati za nozeli zimelegea, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka dizeli itoke bila mapovu, halafu kaza.